Ushauri: Nimepewa kusimamia banda la watoto kwenye tamasha la kata Ujiji, nipange vipi?

Binti Kitongoni

Habari zenu wadau. Kata yetu hapa Ujiji, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, ina tamasha la wananchi Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa 7, nami nimejitolea kusimamia banda la watoto. Tuko watu 6, wote wa kujitolea. Tumepewa mahema 2 ya mita 3 kwa 3, meza 4, mabenchi ya shule na shilingi 150,000 za vifaa. Ratiba inasema saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni. Watoto ni wa miaka 3 hadi 12, na tunatarajia wafike 200 hivi.

Orodha yetu ya mwanzo: kuchora watoto usoni, mapovu ya sabuni, unga wa kufinyanga, maputo, mbio za magunia na kupaka picha rangi. Naomba mnisaidie tubakize nini, tununue kiasi gani, na tufanyeje ili mtoto asitoke bandani na mtu asiye wake. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Mwalimu wa Awali

Hongera kwa kujitolea, dada. Jambo la kwanza ni kupunguza. Michezo 6 kwa watu 6 maana yake kila mchezo una mtu mmoja, na akiinuka kumpeleka mtoto chooni mchezo wote umesimama. Baki na meza 2 za kazi za mikono, moja kila hema, halafu mapovu yawe ya kuwachangamsha walio kwenye foleni. Mbio za magunia waachie watu wa michezo uwanjani. Watoto wanaokimbia na watoto waliokaa na mikasi wasiwe sehemu moja.

Piga hesabu hivi. Kila meza watoto 8, watu wazima 2. Kazi iwe ya dakika 10, weka dakika 5 za kunawa, kufuta meza na kubadilishana, jumla robo saa. Meza moja itapitisha watoto 32 kwa saa, meza mbili 64. Msifungue saa 8 mfululizo, mtachoka na mtaanza kukaripia. Fungueni saa 4 hadi saa 7, fungeni, rudini saa 9 hadi saa 11 na nusu. Hizo ni saa 5 na nusu, nafasi 352. Kila mtoto akipita meza zote mbili, mmehudumia watoto 176. Mkifika 200, kama 48 watapita meza moja tu, na hilo si tatizo.

Mapumziko ya saa 7 yana sababu. Sisi huku magharibi kabisa mwa nchi tunatumia saa ile ile na Dar, lakini jua linatufikia utosini kama saa nzima baada ya saa 6. Kwa hiyo joto letu kali ni kati ya saa 7 na saa 10. Tena ni wakati wa adhuhuri na chakula, wazazi wengi watataka watoto wao.

Hesabu ya watu: wawili meza ya kwanza, wawili meza ya pili, mmoja mlangoni na daftari, mmoja njia ya kutokea. Hapo wote 6 wamekwisha, hakuna wa mapovu wala wa kumpeleka mtoto chooni. Tafuta wawili zaidi. Usipowapata, acha mapovu, usipunguze mtu wa mlangoni.

Mama wa Gungu

Nakubaliana na mwalimu ila kwenye maputo napinga kidogo. Puto ndilo linalomwita mtoto kutoka mbali. Banda lisilo na maputo watoto hawalijui kama ni lao.

Nesi Bangwe

Mama Gungu, yafungwe juu ya hema yaonekane, lakini mtoto asipewe mkononi. Puto zima si la kuogopwa sana. Hatari ni kipande cha puto lililopasuka. Mtoto hukitia mdomoni, kinanyonywa na kuziba koo, na kwa kuwa ni laini hujibana na kufuata umbo la njia ya hewa, hakitoki kirahisi kwa kukohoa. Kwenye banda lenye watoto wa miaka 3 hamtaweza kuokota kila kipande kwenye nyasi. Badala yake tundikeni vipande vya vitenge kwenye kamba. Mafundi cherehani wanavitupa, na vinaonekana mbali kuliko puto.

Kuchora usoni nashauri muache kabisa, kwa sababu tatu. Rangi: inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi tu. Rangi ya maji ya shuleni hata kama kopo limeandikwa haina sumu, maana yake haimdhuru mtoto akiilamba kidogo, haina maana kwamba ngozi ya shavu itaivumilia. Kalamu za wino mzito ndiyo kabisa msiguse. Pili, brashi na sponji moja ikizunguka nyuso 100 inasambaza macho mekundu na mashilingi, yaani choa. Ili iwe salama kila mtoto awe na sponji yake, na bajeti yenu haitoshi. Tatu ni muda: uso mmoja mzuri ni dakika 5 hadi 7, mchoraji mmoja hafikishi watoto 12 kwa saa. Foleni itakuwa ya kulia.

Na kwa kuwa ni Ujiji najua kuna mtu atasema basi tuwapake piko na hina. Piko hapana. Ile ni dawa ya nywele, ina kemikali ambayo ngozi ya mtoto inaweza kuvimba na kutoka malengelenge siku kadhaa baadaye, na mtu akishapatwa huendelea kudhurika kila akiigusa maishani. Hina ya majani ni afadhali kwa watu wazima, ila kwa watoto wadogo wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), ambao huku kwenye malaria si wachache, inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Hamuwezi kumjua kwa kumtazama.

Anayetaka pambo mkononi apewe bangili ya karatasi aliyoipaka rangi mwenyewe.

Binti Kitongoni

Ahsante nesi, kuchora usoni nimeshafuta. Sasa meza mbili ziwe za nini? Unga wa kufinyanga naupenda lakini sijui vipimo, na meza ya pili nilitaka kitu chenye ladha ya hapa kwetu ziwani.

Mwalimu wa Awali

Unga wa kufinyanga usiopikwa: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, kijiko 1 cha mafuta, na maji kama robo tatu ya kikombe. Maji yaingie kidogo kidogo mwishoni, kwa sababu unga wa kila kampuni unanywa maji tofauti. Ukande dakika 8 hadi 10, hadi uache kunata kiganjani. Kwa kipimo hicho, kilo 1 ya unga inataka chumvi kilo 1 na kidogo na maji robo tatu ya lita, unapata donge la karibu kilo 2.8. Kila mtoto apewe gramu 60, ukubwa wa ndimu. Nafasi 176 ni kilo 10 na nusu, kwa hiyo nunua unga kilo 4 na chumvi kilo 4 na nusu.

Yanayoharibika: chumvi ya mawe, iwe ya Uvinza au ya kwingine, itwangwe na kuchekechwa kwanza. Chembe kubwa zinakwaruza vidole na donge linakatika. Likinata, ongeza unga, si mafuta, maana mafuta mengi yanafanya vipande visishikane. Likikauka kingoni na kupasuka, lowesha viganja tu ulikande tena, usimwagie maji. Likande usiku wa kuamkia siku yenyewe, liweke kwenye ndoo yenye mfuniko na kitambaa chenye unyevu juu. Likikaa siku 3 kwa joto la Kigoma linaanza kulainika na kutoa maji, kwa sababu chumvi inavuta unyevu.

Kubwa kuliko yote, donge jeupe linafanana na la chapati na mtoto atalila. Chumvi iliyomo ni nyingi, akila donge zima atatapika na kuumwa kweli. Litie rangi ya bluu ya chakula, chakula cha bluu hakimdanganyi mtu. Halafu mweleze kila mtoto kabla hajakaa, kwa kumwonyesha uso wa kutapika. Wengine hapa nyumbani wanaongea Kiha au Kibembe zaidi ya Kiswahili, na wapo waliotoka ng'ambo ya ziwa, hivyo maelezo yote fanya kwa mikono kwanza, maneno baadaye.

Cha kupelekea nyumbani kifungwe kwenye gazeti au bahasha ya kaki. Mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019, msije mkainunua kwa mazoea. Wazazi waambiwe kazi nyembamba itakauka kivulini baada ya siku 2 au 3, na nene itapasuka.

Fundi Gata Mwanga

Meza ya pili fanya mbio za mitumbwi ya karatasi. Ni ya ziwani, ni rahisi, na mtoto anaondoka na mtumbwi wake.

Chukua gata mbili za plastiki (mifereji ya kupokea maji ya paa) za mita 3 kila moja, ziwe sawa kwa upana, na vizibo vya mwisho vinne. Vizibo paka silikoni usiku mmoja kabla, kigundi cha haraka kitavuja kikishikwa na maji muda mrefu. Ziweke sambamba juu ya meza mbili au mabenchi, kimo cha kiuno cha mtoto wa miaka 7. Ukitia maji ya kina cha sentimita 4 kila gata inachukua kama lita 12. Usitumie pima maji ya fundi, maji yenyewe ndiyo kipimo. Kina kikiwa sentimita 5 mwanzo na 3 mwisho, ingiza kipande cha mbao chini ya upande wa kina hadi ncha zote zilingane. Gata iliyolala upande mtumbwi wake unakwama ukutani na mtoto anaona ameonewa.

Funga gata kwa mpira wa tairi la baiskeli kwenye benchi, katika sehemu 3. Watoto 8 wakiegemea upande mmoja zinapinduka zisipofungwa, na lita 24 juu ya sakafu ni utelezi.

Karatasi: A4 ikatwe nusu, kila nusu ni mtumbwi mmoja wa kutosha gata. Weka hesabu ya nusu 230, yaani karatasi 115, kwa sababu wengine watachana. Rimu moja ya karatasi 500 inabaki nyingi ya kuchorea. Karatasi tupu inaloa na kuzama baada ya dakika chache. Sugua kitako kwa mshumaa mara 5 au 6 baada ya kukunja, si kabla. Ukisugua kabla, mikunjo inateleza na kufunguka.

Kusukuma mtumbwi watumie pepeo la ukindu au kipande cha boksi, wapepee. Msitumie mirija ya kupuliza, najua nesi atakuja kunisahihisha nikisema vinginevyo.

Upepo wa kusi ndio msimu wake huo. Elekeza gata kufuata upepo, ziwe sambamba nao. Zikiupinga, mitumbwi inarudi nyuma, na zikiukinga ubavuni inang'ang'ania ukingo. Hema nazo, kila mguu kiroba kimoja cha mchanga cha kilo 20 angalau, kimefungwa na kamba, si kuegeshwa tu. Turubai la upande linaloelekea kusini liachwe wazi nusu, ukiziba lote hema linageuka tanga.

Nesi Bangwe

Fundi hujakosea. Mirija inashirikiwa, hata ukisema kila mmoja ashike wake.

Naongeza kwenye maji. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye kina cha sentimita 5, haihitaji ziwa. Gata zikiwa juu ya meza hatari ni ndogo, lakini beseni na ndoo za akiba zilizo chini ndizo za kuangalia. Ndoo zote ziwe na mifuniko, na wakati wa mapumziko ya saa 7 gata zimwagwe. Msiziache na maji eti mtarudi saa 9.

Kunawa: kila mtoto kabla ya meza ya unga na baada yake. Ndoo yenye koki, sabuni ya maji, beseni la kupokea maji machafu. Weka chini ya nusu lita kwa kila kunawa. Nafasi 176 mara mbili zitataka kama lita 140. Ongeza gata, mara mbili kwa siku, lita 48. Kwa hiyo madumu 10 ya lita 20, na mjue mapema yatajazwa wapi. Msichote ufukweni moja kwa moja ziwani. Mkipata ya bomba ni bora. Kuwe na maji ya kunywa tofauti, kwenye ndoo yenye alama, na kila mtoto atumie kikombe chake au cha familia yake.

Mwenye kidonda kibichi mkononi au macho mekundu asiingize mikono kwenye donge la pamoja. Mpe karatasi na kalamu za rangi, asifukuzwe.

Mama wa Gungu

Na mapovu je? Hayo nayo mtayakataa?

Mwalimu wa Awali

Mapovu yabaki, mama, ila mtu mzima ndiye ayapulize, watoto wayakimbize wakisubiri. Maji lita 1 yaliyochemshwa na kupoa, sabuni ya maji ya vyombo nusu kikombe na kidogo, glisirini ya dukani vijiko 2 vya chakula. Koroga taratibu bila kutoa povu, povu likijaa juu linaharibu utando. Tengeneza usiku, asubuhi linafanya kazi vizuri zaidi. Sabuni ya mche haifai, na maji yetu inayaachia utando mzito. Kitanzi tengeneza kwa waya laini na ukizungushie uzi wa pamba, uzi ndio unaobeba maji. Povu linapasuka kwa sababu maji yake yanakauka, kwa hiyo saa 4 hadi saa 5 asubuhi yatadumu, na saa 9 hayatafika mbali hata mfanye nini. Msisimame kwenye saruji, inateleza.

Afisa Jamii

Dada Kitongoni, wenzangu wamekujibu vizuri juu ya vifaa. Nakuja kwenye kinachokunyima usingizi.

Banda liwe na mlango mmoja wa kuingia na mmoja wa kutoka, vyote vina mtu. Pande zingine zungusha kamba na vitenge, kimo cha kifua cha mtoto. Mlangoni daftari la kaunta, kila mstari namba, jina la kwanza la mtoto, umri, jina na simu ya aliyemleta. Mtoto abandikwe mgongoni selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, yenye namba tu. Aliyemleta apewe kikaratasi chenye namba hiyo hiyo. Jina na simu visiandikwe kwenye mwili wa mtoto. Mtu yeyote akisoma jina anaweza kumwita mtoto kama anayemfahamu, na mtoto ataitika. Tepu iwe mgongoni kwa sababu ya kifuani ataibandua ndani ya dakika mbili.

Kutoka: kikaratasi na namba vilingane, na mtoto amtambue anayemchukua. Kimoja bila kingine hakitoshi. Aliyepoteza kikaratasi apigiwe simu iliyo daftarini pale pale mbele yako. Simu ikiita mfukoni mwake, sawa. Mwingine akijitokeza kuwa ametumwa, mpigie aliyesajili kwanza.

Mazoea ya kwetu ni kaka wa miaka 9 kuja na mdogo wake wa miaka 4 mgongoni. Msimkatalie, lakini wasajiliwe kwa mstari mmoja, wakae meza moja, watoke pamoja. Chini ya miaka 5 bila ndugu mkubwa, mzazi abaki bandani. Liandikwe kwenye kibao na mshereheshaji alitangaze, maana wapo watakaotaka kuacha mtoto waende sokoni.

Wasaidizi nao. Kijana wa miaka 15, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, naye ni mtoto. Anaweza kusaidia kukunja karatasi, lakini usimhesabu kama mtu mzima wa zamu. Hakuna mtu mzima kubaki peke yake na mtoto, hata kumpeleka chooni. Waende wawili, au mtu mzima mmoja na watoto wawili, na mtu mzima abaki nje ya mlango. Picha za watoto zisipigwe bila ruhusa ya mzazi, hata za ukurasa wa kata.

Mtoto aliyepotea akiletwa kwenu, akae ndani na watu wazima 2. Mshereheshaji asitangaze jina wala nguo zake. Aseme tu kwamba mzazi anayemtafuta mtoto afike banda la watoto. Akija, aulizwe yeye jina, umri, nguo. Mkitangaza kila kitu mmempa mtu asiyehusika majibu. Kabla ya siku hiyo pata namba ya afisa ustawi wa jamii wa manispaa na ya dawati la jinsia na watoto la polisi. Mkiona dalili mtoto anaumizwa nyumbani au mahali pengine, 116 ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Msimhoji nyie wenyewe mbele ya wenzake.

Binti Kitongoni

Nashukuru sana. Nimeandika upya: unga hema la kwanza, mitumbwi hema la pili, mapovu asubuhi tu, vitenge badala ya maputo. Wawili zaidi nimeshawaomba. Imebaki nafasi ya banda, wanataka kutuweka jirani na jukwaa ili tuonekane. Na zawadi, tutoe pipi?

Fundi Gata Mwanga

Kataa jirani na jukwaa. Spika zikifunguliwa mtoto hasikii akiitwa na mtu wa mlangoni hasikii namba. Omba mahali penye kivuli cha mwembe, mbali na karai za chipsi, jenereta na wanakoegesha bodaboda. Mwezi wa 7 jua linapita upande wa kaskazini, kivuli cha mchana kinaangukia kusini mwa mti. Jioni linaingia moja kwa moja kutoka ziwani, upande wa magharibi tundika turubai.

Mwalimu wa Awali

Pipi msitoe. Mtoto atarudi foleni mara tatu kwa ajili ya pipi, na watakaokosa mwishoni mwa foleni watalia. Mtumbwi na alichofinyanga vinatosha. Kwenye mbio za mitumbwi msitangaze mshindi wa siku, kila mbio ianze na kuisha papo hapo.

Afisa Jamii

Kufunga nako kupangwe. Acheni kusajili saa 11, ili saa 11 na nusu meza ziwe tupu. Jua la kwetu mwezi huo linazama karibu saa 1, msidanganyike kwamba bado mapema, wazazi wa mbali wanataka kufika nyumbani kukiwa na mwanga. Pitia daftari mstari kwa mstari, kila namba iwe na alama ya kutoka. Akibaki mtoto, mpigie aliyemleta, na watu wawili wabaki naye hapo hapo bandani. Asisindikizwe nyumbani na mtu mmoja hata kama mnamjua mtaa wake. Ikifika saa 12 na nusu hakuna aliyejibu, mwiteni mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi. Daftari lina simu za watu, likabidhiwe ofisi ya kata siku hiyo hiyo, lisiende nyumbani na mtu yeyote.